Haki ya Kiu: Intaneti ya Kasi kati ya Ngara na Visiwa vya Lamu

Ni nani mwenye intaneti? Swali hili linaonekana la kisheria, na mawakili wana jibu lake: kebo ni ya kampuni, mnara ni wa kampuni, na bando ni la aliyelinunua mpaka muda wake uishe. Lakini chini ya jibu hilo kuna swali la zamani zaidi, ambalo dini na falsafa zililihangaikia karne nyingi kabla ya umeme: ni vitu gani mtu anaweza kuvimiliki peke yake, na ni vitu gani ambavyo hata akivimiliki, mwenye haja anabaki na fungu lake ndani yake? Mahali pa kulitazama ni pawili, mtaa na kisiwa. Mtaa ni Ngara jijini Nairobi, ambako intaneti inapita juu ya kila paa. Kisiwa ni kile cha Pate na wenzake katika funguvisiwa la Lamu, ambako imepita baharini bila kutia nanga.

Ngara iko ng'ambo ya Mto Nairobi ukitoka katikati ya jiji, baada ya mzunguko wa Globe. Sehemu yake kongwe ilikaliwa na familia za Kihindi, nyingi zikiwa za watu wa reli na wafanyabiashara, na mpaka leo mahekalu, misikiti na makanisa yako jirani kwa jirani. Kati ya nyumba za zamani za mawe yamesimama maghorofa mapya, na upande wa Park Road serikali imejenga mradi wa nyumba 1,370. Kwenye kuta za maghorofa haya, kuanzia nguzo ya barabarani hadi kijisanduku kilicho juu ya kila mlango, hutambaa waya mweusi mwembamba. Fundi anayeuunganisha huvua ngozi yake ya plastiki kwa koleo, huupangusa uzi wa ndani kwa kitambaa chenye spiriti, huukata kwa kisu maalumu hadi ncha iwe bapa, kisha huzilaza ncha mbili zitazamane ndani ya kimashine kinachoziyeyusha kwa cheche ya umeme. Uzi wenyewe ni kioo. Unene wake ni maikromita 125, zaidi kidogo ya unywele, na njia ya mwanga iliyo katikati yake ni maikromita 9 tu.

Jambo moja katika ufundi huu lina uzito wa kifalsafa zaidi ya ule linaopewa. Uzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa na kifaa kidogo kisichotumia umeme wowote, ukawa nyuzi 32 au 64 za nyumba tofauti. Kifaa hicho hakichagui. Kinagawa mwanga uleule kwa kila uzi, na ruta ya kila nyumba husoma kilicho chake na kuacha cha jirani. Nyumba ambayo malipo yake yameisha wiki iliyopita, basi, haikunyimwa mwanga. Mwanga unaifikia mchana na usiku, umebeba barua za wengine, masomo ya wengine na sauti za jamaa za wengine. Kilichoondolewa ni ruhusa. Hali hii ni tofauti na ya mtu aliye jangwani mbali na kisima. Huyu ameketi kando ya mfereji, na maji yanapita miguuni pake.

Hali ya kisiwani inafanana na hiyo kuliko inavyodhaniwa. Mwezi Juni 2009 kebo ya TEAMS, yenye urefu wa kilomita zipatazo 5,000, iliwasili Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Ilikuwa kebo ya kwanza ya faiba ya baharini kufika Kenya. Kabla yake nchi nzima ilitegemea setilaiti. Ili ifike Mombasa ilibidi ishuke sambamba na pwani ya Somalia na kupita mashariki ya Kiwayu, Pate, Manda na Lamu. Kutoka Mombasa mwanga wake ulipanda bara kwa upande uleule wa reli na barabara kuu hadi Nairobi, na baada ya miaka kadhaa ukaingia katika kuta za Ngara. Wavuvi wa Kiwayu, waliokuwa karibu nao zaidi kuliko mtu yeyote wa Nairobi, waliendelea kutegemea minara ya simu na mawimbi yanayorushwa kutoka bara.

Si sharti kisiwa kiwe cha mwisho. Mwaka 1879, enzi ya Sultani Barghash, kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Unguja na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Mombasa iliungwa na Unguja mwaka 1890 tu. Kwa miaka 11 kisiwa kilipata habari za London kabla ya mji mkubwa wa pwani uliokuwa ukikitazama kutoka kaskazini. Kilichoamua wakati ule hakikuwa umbali wala kina cha bahari. Ilikuwa ni nani ana biashara na nani ana dola. Na kilichoamua mwaka 2009 hakikuwa tofauti sana. Watu 2,000 wa kijiji cha kisiwani, hata wakilipa wote, hawarudishi gharama ya kebo. Kwa hesabu ya soko ni sawa kabisa kuwapita. Swali ni kama hesabu ya soko ndiyo hesabu pekee.

Wanazuoni wa Kiislamu walilishughulikia swali hili kwa mfano wa maji. Katika Minhaj al-Talibin cha Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho kimekuwa nguzo ya masomo ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Shafii na kwa hiyo kwa Waswahili wa pwani, hukumu za maji zimewekwa kwa daraja. Maji ya mto na ya bonde ni ya watu wote. Maji yaliyotiwa chomboni ni mali ya aliyeyateka. Kati ya mto na mtungi kuna kisima: aliyekichimba katika ardhi yake ana haki nacho kuliko wengine, lakini maji yanayozidi haja yake hana ruhusa ya kuyanyima mifugo ya mwenzake yenye kiu, ingawa halazimiki kuyatoa kwa ajili ya kunyweshea shamba la mwenzake. John Locke wa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 17, alitumia karibu mfano huohuo wa chemchemi na chombo, naye hakuwa na Minhaj mkononi. Kwake, kazi ya kuteka ndiyo inayogeuza kitu cha wote kuwa cha mmoja, kwa sharti kwamba wengine wabakiziwe cha kutosha na kizuri vilevile. Sharti hilo husahauliwa mara nyingi na wanaomtaja.

Kampuni ya mtandao inasema kwamba bidhaa yake ni maji ya mtungini, na hoja yake ina nguvu. Hakuna intaneti iliyotiririka yenyewe kutoka mlimani. Kila biti imesafirishwa na kebo iliyonunuliwa, iliyolazwa na meli iliyokodiwa, iliyotiwa nguvu na mitambo inayokula umeme usiku kucha. Mwezi Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa. Kebo nyingine zilizotegemewa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu siku chache kabla, na kasi ya intaneti nchini ikaanguka. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikalemewa. Katika kila kisa kama hicho lazima meli ya ukarabati iende, ivue ncha mbili kutoka sakafu ya bahari na kuziunga upya. Anayegharimia kazi hiyo hawezi kuambiwa kwamba alichonacho ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wote. Fiqhi yenyewe isingemwambia hivyo.

Lakini mtungi huo umefinyangwa kwa udongo wa nani? Hapa hoja ya kampuni hupungua nguvu. Kebo imelazwa chini ya bahari ambayo tangu mwanasheria Grotius mwaka 1609 imetetewa kuwa haimilikiki, na ambayo mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982 unaruhusu mataifa yote kutandaza kebo ndani yake. Barabarani imefukiwa katika ardhi ya umma. Katika Ngara imetundikwa kwenye nguzo zilizosimama kando ya njia za watu wote. Na pale inapogeuka kuwa mawimbi, inasafiri katika masafa ya redio, kitu ambacho hakuna aliyekitengeneza na ambacho serikali hukigawa kwa leseni kwa niaba ya wananchi. Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1958 liitwalo Mali ya Taifa, alitoa hoja kama hii kuhusu ardhi: mtu ana haki juu ya kazi aliyoifanya kwenye shamba, si juu ya ardhi yenyewe, kwa kuwa ardhi hakuiumba. Ukiipeleka hoja yake baharini, kampuni ina haki kamili juu ya kioo na mitambo, na haina haki kamili juu ya njia.

Historia ya Uislamu ina kisa kinachogusa jambo hili kwa karibu. Abyad ibn Hammal alimwomba Mtume Muhammad ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, huko Yemen, akapewa. Mtu mmoja aliyekuwapo akaeleza kwamba alichopewa ni sawa na maji yasiyokatika, kitu ambacho watu huchukua bila jasho, na Mtume akakirudisha kwa watu. Wanazuoni wamechukua hapo kanuni kwamba mtawala anaweza kutoa kibali cha machimbo yanayohitaji kuchimbwa kwa taabu, lakini hatoi kwa mtu mmoja kile ambacho tayari kipo wazi kwa wote. Nairobi iliwahi kukutana na kanuni hii bila kuitaja. Mwaka 2000 watoa huduma za intaneti wa jiji walianzisha KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili isilazimike kupanda setilaiti, kwenda ng'ambo na kurudi. Mamlaka ya mawasiliano ikakifunga kwa malalamiko kwamba kinavunja haki ya pekee ya shirika la simu la taifa. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya kupewa leseni. Kilichokuwa kikibishaniwa, ukivua maneno ya kisheria, ni kama mazungumzo ya majirani wawili wa mji mmoja yanaweza kuwa machimbo ya mtu.

Madhehebu ya Hanafi, ambayo Waislamu wengi wa Nairobi wenye asili ya Bara Hindi huyafuata, yalipiga hatua moja mbele katika kuchambua. Yalitenga haki mbili juu ya mfereji wa mtu. Ya kwanza ni haki ya kunyweshea shamba, ambayo ni ya mwenye mfereji na washirika wake. Ya pili huitwa haki ya mdomo, yaani haki ya binadamu na mnyama kukata kiu, na hiyo haizuiliki kwa kuwa mfereji una mwenyewe. Mpita njia anaweza kuinama akanywa, mradi asibomoe kingo. Tofauti hii inafaa kuliko neno la jumla la "haki ya intaneti", ambalo linaweka filamu ya usiku na cheti cha kuzaliwa katika kapu moja. Kutazama filamu ni kunyweshea shamba. Hakuna anayedaiwa shamba la mwenzake.

Basi kiu ya mtandaoni ni ipi? Hapa hutokea pingamizi la haraka, na linatolewa na watu wenye busara: hakuna anayekufa kwa kukosa intaneti, wazee wa Siyu na Faza kisiwani Pate waliishi bila hiyo, wakatunga tenzi na kujenga majahazi. Ni kweli. Lakini haja ya mtu haipimwi kwa mwili wake tu. Hupimwa pia kwa jinsi jamii yake ilivyojipanga. Adam Smith aliliona hili mwaka 1776 alipoeleza kwamba shati la kitani, ambalo mtu wa kale angeishi vizuri bila kulivaa, lilikuwa limekuwa hitaji kwa kibarua wa zama zake, kwa sababu bila hilo angeona haya kujitokeza mbele za watu. Jamii ikihamisha mlango wake, aliyebaki kwenye mlango wa zamani amefungiwa nje.

Na Kenya imehamisha mlango wake. Mfumo wa eCitizen ulianza mwaka 2014, na Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma za serikali zaidi ya 5,000 zilizowekwa humo. Pasipoti, cheti cha mwenendo mwema, leseni ya biashara, ada mbalimbali: mwananchi haambiwi tena afike dirishani, anaambiwa afungue ukurasa. Kwa mkazi wa Ngara asiye na bando, jambo hilo lina maana ya kushuka ngazi hadi saiba iliyo mtaani na kulipa kidogo juu ya ada. Kwa mkazi wa kisiwa cha Ndau huko Lamu lina maana ya kungoja boti, upepo na maji kujaa. Hapa ndipo kiu inapozaliwa, na imezalishwa na dola yenyewe. Anayehamisha kisima cha kijiji kwenda mbali hana budi kujenga njia ya kukifikia. Huo si ukarimu, ni deni. Katiba ya mwaka 2010 inataja maji safi katika kifungu cha 43 na haki ya kupata habari katika kifungu cha 35. Intaneti haiitaji. Lakini mtu anayetakiwa kupitia mtandaoni ili azifikie haki zake zilizotajwa ameshapata hoja.

Kuna ushahidi kwamba kiu hii inaweza kukatwa kwa maji machache sana. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, haikuhitaji intaneti. Ilipita katika njia nyembamba ya ujumbe wa mtandao wa simu, ikafanya kazi katika kisimu cha bei ya chini kabisa. Bima mpya ya afya ya taifa, iliyoanza Oktoba 2024, iliruhusu watu kujisajili kwa kupiga *147# bila bando. Huo ndio mfano halisi wa haki ya mdomo: kingo hazibomoki, shamba la mwenye mfereji halikauki, na mpita njia ameondoka na koo lililolowa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Maji ni safi kwa asili yake, lakini intaneti hubeba matusi, kamari, uongo na picha zinazoharibu watoto. Je, ni haki gani hiyo ya kunywa kilichochanganyika na sumu? Baadhi ya wazee wa visiwani wamekuona kuchelewa kwa mtandao kuwa ni ngome, na mila ya kujitenga kwa ibada haidharauliki. Hata hivyo hoja hii haimfikishi mtu mbali. Kisima chenye uchafu husafishwa. Hakifukiwi huku wenye magari wakiendelea kuchota kwingine. Tena mwenye haki ya kukataa ni yule aliyeletewa. Ambaye hakupelekewa hajachagua kujitenga, ametengwa.

Suala la ziada linahitaji uangalifu, kwa sababu hapa intaneti na maji vinaachana njia. Fiqhi inamtaka mwenye kisima atoe yanayozidi. Maji yanayozidi leo yanaweza kuhifadhiwa hadi kesho. Mwenyewe akiyatoa, amepungukiwa. Uwezo wa kebo hauhifadhiki. Saa tisa usiku, Ngara imelala, nafasi iliyo wazi ndani ya uzi wa kioo haiwekwi akiba. Sekunde ikipita imepotea milele, ilitumiwa au haikutumiwa. Kuitoa hakumpunguzii mwenyewe chochote. Saa mbili usiku mambo ni mengine: nyumba zote 32 zimewasha runinga, na kila anayeongezeka anampunguzia mwenzake. Kwa hiyo wajibu wa kutoa ziada ni mkubwa kuliko wa maji katika saa fulani, na mdogo kuliko wa maji katika saa nyingine. Anayelinganisha vitu hivi viwili bila kutazama saa amekosea pande zote mbili. Desturi ya bando kufa usiku wa manane imesimama juu ya utata huu. Kampuni husema kwamba inauza nafasi ya muda fulani. Mnunuzi anaamini amenunua kiasi, kama lita za mafuta ya taa. Oktoba 2019 Safaricom ilianza kuuza bando lisilo na mwisho wa muda, na kwa hatua hiyo ikakubali kwamba namna ya mnunuzi kuhesabu nayo ina haki yake.

Kwa saa za msongamano ipo kanuni nyingine, ya mfereji unaopita mashamba mengi. Aliye juu, karibu na chanzo, hunywesha kwanza, lakini maji yakifika kwenye vifundo vya miguu huyaachia yashuke kwa wa chini. Kanuni hii haimwambii aliye karibu ajifanye yuko mbali. Nairobi iko juu ya mfereji, na si dhambi yake kuwa huko. Inamwambia tu kwamba ukaribu unampa zamu ya kwanza na haumpi maji yote. Namna Kenya ilivyojaribu kuitekeleza ni Mfuko wa Huduma kwa Wote, uliowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2009, ambao kampuni zenye leseni huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ili mtandao ufike mahali ambapo biashara isingefika. Wapo wanaoufananisha na zaka, ambayo kwa mali ya fedha ni asilimia 2.5. Mfanano unasaidia mahali pamoja muhimu: zaka si hisani ya tajiri. Ni fungu la maskini lililokuwa ndani ya mali ya tajiri tangu mwanzo, na tajiri analitenga tu.

Kutoa kwa hiari ni mlango mwingine, nao Ngara na pwani zinaujua vizuri. Kiswahili kina neno sabili, kitu kilichowekwa njiani kwa ajili ya Mungu ili yeyote anywe. Wahindu na Wajaini wana desturi ya kuweka kibanda cha maji kwa wapita njia. Masingasinga hawana gurdwara, yaani hekalu lao, isiyo na jiko la wote. Ile ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 kando ya reli, huwapa chakula na malazi wasafiri wa njia ya Mombasa bila kuuliza dini zao. Katika desturi hizi zote sharti ni moja: anayepewa haachi kitu nyuma. Haandiki jina, hatoi kiingilio, hasikilizi tangazo. Waifai ya bure inayomtaka mtu namba ya simu, umri na ruhusa ya kumfuatilia haijafikia daraja hilo, hata ikiwa na manufaa. Ni biashara yenye bei isiyoandikwa.

Uzito wa kosa hubadilika pale ambapo maji yalikuwapo yakakatwa kwa makusudi. Kutofikisha ni upungufu. Kukata ni uadui. Mashia Ithnaashari, walio sehemu ya Waislamu wa Nairobi tangu siku za reli, kila Muharram huweka sabili kukumbuka Karbala, mwaka 680, ambako Husein, mjukuu wa Mtume, na watu wake walizuiwa kufika mto Furati siku kadhaa kabla ya kuuawa. Kumbukumbu ya kunyimwa maji yaliyokuwa yanaonekana imebaki hai kwa zaidi ya miaka 1,300. Serikali zinazozima intaneti siku za uchaguzi, kama Uganda ilivyofanya Januari 2021 na Tanzania Oktoba 2025, hukata mfereji wa wote, kuanzia mjini hadi visiwa vya mwisho, pamoja na haki ya mdomo iliyomo ndani yake. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lililaani tabia hiyo kwa azimio la mwaka 2016. Mwenye mfereji anaweza kudai bei ya maji. Hana hoja yoyote ya kumfanya mtu awe na kiu kwa makusudi.

Mto au mtungi, basi? Visiwa vya Lamu vina jibu la tatu, nalo halikutoka kitabuni. Sehemu nyingi za funguvisiwa hili hazina mto, na maji ya visima huwa na chumvi. Watu wakajenga jabia. Ni sakafu pana, imesakafiwa na kuinamishwa kidogo upande mmoja, na mwisho wa mwinamo kuna tangi lililochimbwa ardhini na kufunikwa juu. Mvua ikinyesha, maji huteleza juu ya sakafu na kuingia tangini. Ukame ukija, wanawake huja na ndoo na kamba. Maji ya jabia hayakuumbwa na mtu, kwa hiyo si ya mtungini. Wala hayakuja bure, kwa hiyo si ya mtoni: bila sakafu, mvua yote ingezama mchangani. Kijiji kinafagia sakafu kabla ya masika, kinazuia mbuzi wasipite juu yake, kinaziba nyufa, na kinakubaliana nani achote kiasi gani maji yanapokaribia mwisho. Asiyeshiriki kazi huambiwa. Hata hivyo mgeni aliyefika na kiu hadaiwi kwanza. Hupewa kata anywe. Intaneti ya kasi ni maji ya aina hii. Kilichokusanywa ni cha wote: bahari, hewa, masafa, barabara, na zaidi ya yote maneno ya watu wenyewe, ambayo ndiyo yanayofanya waya uwe na thamani. Kilichokusanyia kina gharama na wenyewe, na wenyewe lazima walipwe ili nyufa zizibwe. Haki ya mdomo haimo nje ya mpango huo kama sadaka inayoongezwa mwishoni. Imo katika mkataba wa kujenga jabia lenyewe.

Intaneti ya setilaiti za chini imeleta kisa kipya. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Setilaiti zake huzunguka kilomita zipatazo 550 juu ya ardhi, na si 35,786 kama zile za zamani zilizochelewesha sauti, hivyo sahani ndogo juu ya paa la makuti inaweza kupokea kasi ambayo zamani ilihitaji waya. Inafanana na mvua iliyoanguka juu ya kila paa, na ingedhaniwa kwamba jabia halihitajiki tena: kila mwenye fedha na akinge yake. Lakini mvua hiyo nayo ina kipimo. Kila eneo la ardhi hupata kiasi chake cha mawimbi, likiwa na watu wengi au wachache. Novemba 2024 kampuni hiyo iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na katika kaunti za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa, na ilichukua miezi kadhaa kabla ya kufungua tena. Mkazi wa Ngara aliyetaka sahani wakati huo aliambiwa asubiri. Mkazi wa Kiwayu, aliyekuwa ameizoea kazi ya kusubiri, alikuwa na anga iliyo karibu tupu juu yake, na kilichomzuia kilikuwa bei ya sahani.